Na Ile Ingine?

Msee, wacha nikupeleke Umo kwanza, Inner Core. Kuna saiba hapo chini ya flat, ile printa yake inakohoa kabla itoe page. Jumanne, saa nne asubuhi, mtaa bado inanukia mandazi. Beste yangu amekaa kwa mashine ya tatu, CV iko wazi kwa skrini, kidole iko kwa ile key ya kufuta. Anafuta jina yake. Herufi moja, anangoja. Herufi ingine, anangoja. Kaa mtu anajitoa mwiba kwa mguu.

Jina yake sikuambii, hiyo ni yake. Lakini shikanisha hii. Ya kwanza ni ya kizungu, zile kila class ilikuwa na wasee wanne wako nayo. Ya kati, kizungu tena. Ya tatu ni ile Waluo wanapeanga mtoi amezaliwa usiku. Ushaijua. Sijaandika hata herufi moja na ushaijua! Hiyo ndio ngori yenyewe. Kwa sekunde mbili umejua mathe yake alijifungua saa ngapi, na bila hata kuulizwa ukadhani umejua anapigia nani kura, anasupport timu gani na Jumapili kwao wanakula nini.

Vile ilienda ni hivi. Tangu January anatuma CV, na simu imenyamaza kaa redio haina betri. Halafu msee mmoja wa mtaa akapeana namba yake kwa kampuni flani, jina ya kwanza tu, fundi mzuri wa komputa, mpigieni. Wakapiga! Dem wa HR, sauti tamu, anacheka na kila kitu. Unaweza kukam Alhamisi? Naweza. Utakuja na vyeti? Vyote. Poa sana, wacha niandike jina. Akaandika ya kwanza. Halafu: "Na ile ingine?"

Akaitaja. Kukawa na kakimya, ka sekunde moja hivi, si zaidi. "Sawa, basi tutakuambia." Hiyo Alhamisi haijawahi fika.

Maze, hiyo swali! Kenya nzima inaishi chini ya hiyo swali. Unatafuta keja, caretaker anakuuliza unaitwa nani, unamwambia, halafu anainua kichwa: na ile ingine? Karao anakusimamisha usiku, ID kwanza, torch haiendi kwa picha, inaenda kwa jina ya mwisho. Mbuyu ya dem wako anakukaribisha chai, amekupatia kiti ile nzuri, hajameza hata tone ya kwanza: na ile ingine, kijana wangu? Na ukidhani umetoroka, lipa fare na M-Pesa. Simu ya makanga inatangaza majina zako kaa msiba ya redio, hadi ile ya mwisho.

Na huku mtaa hii story tulimaliza kitambo. Mtaa iko na ofisi yake ya kubadilisha majina. Iko open usiku na mchana, haina fomu, haina foleni, na bei ni sufuri. Kamau anaingia, anatoka akiwa Kama. Mwangi ni Mwas, Kariuki ni Karis. Otieno ni Oti, Omondi ni Omosh. Wafula ni Wafu, Mutua ni Mutush. Wanjiku amepewa chaguo, Shiko ama Ciku, na Wangui ni Kui tu, mtu asibishane. Hata za kizungu hazikupona: Brian ni Brayo, Kevin ni Kevo, Dennis ni Deno. Kazi ni rahisi. Shika kichwa ya jina, kata mkia, bandika "sh" ama "o". Na cheki kile kinatokea ukikata mkia. Omosh na Mutush zinasound kaa watoi wa mathe mmoja. Mmoja kwao ni Nyanza, mwingine ni Ukambani, lakini kwa uwanja ni mapacha.

Hii haikukam by mistake. Sheng ilizaliwa kwa zile estate za zamani za Eastlands, Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati, keja zimebanana, mfereji ni moja, na kwa huo mfereji kuna watoi wa kila kabila wameshika mtungi. Ungeweza kuita mtu na lugha ya kwao, lakini ungeita mmoja, na mpira inataka wasee kumi na moja. So wakatengeneza majina za timu. Na hakuna mtu alifutwa hapo! Sisi wote tunajua Omosh ni Omondi. Shosho yake alipodedi tulipanda basi mbogi nzima tukaenda ocha, na wikendi yote tulimwita Omondi, kwa sababu hapo ndio jina ilikuwa na kazi. Jumatatu tukarudi Nai, Omosh akarudi na sisi. Mtaa inakuongezea jina. Haikunyang'anyi.

Sasa ofisi, hapo ndio watu wanajikata. Trend ya saa hii ni dabo mzungu. Fungua LinkedIn uone: Brian Dennis, Kelvin Ryan, Sharon Michelle. Majina mbili za kizungu zimeshikana mikono, na ya kwao imeachwa nyumbani ikilinda keja. Wenye wanaona hiyo ni too much wanaacha herufi moja na nukta. Brian O. Manze, Brian O! Hiyo ni kujificha nyuma ya post ya stima na tumbo imetokea upande ule mwingine. Kaa ni lazima ujifiche na herufi, angalau uwe na bahati ya K. K ndio herufi imekula vizuri hii Kenya. Inaweza kuwa Kamau, inaweza kuwa Kioko, inaweza kuwa Kiprono, inaweza kuwa Khaemba. HR ataumwa na kichwa hadi lunch. Lakini O na nukta? Msee, hapo umejichoma na moto uliwasha mwenyewe.

Na kuna kitu inafaa ibadilishwe leo leo, na hakuna mtu anaiongelea: imeili. Ile ulifungua form two, iko na "sexy", iko na "boy", iko na 254 mwisho. Mtu anaficha jina ya babu yake halafu anaacha hiyo juu ya CV, font kumi na nne, imekolezwa! Hiyo ndio aibu. Babu yako hakukosea kitu.

Wazae nao wana solution zao, na zote ni za 1985. Mzae wa beste alimkalisha chini, akakohoa vile wanakohoanga, akamwambia: tafuta mtu wetu huko ndani. Mtu wetu! Huyo mtu wetu aliretire kitambo, anafuga kuku Rongai, simu yake inashikwa na mjukuu, na bado wazae wanampigia kila mtoi akimaliza campo. Uncle naye akasema jina haiguswi, ni ya mababu, ukiigusa watakutembelea usiku. Wakuje tu. Wakikuja wasaidie na rent.

Halafu wazae ndio ma-professor wa kubadilisha majina! Nani alitubatiza hizi za kizungu? Zao zilitoka wapi? Cheki noti zile za kitambo, yule mzee kwa picha. Alizaliwa Kamau wa Ngengi. 1914 wamishonari wa Thogoto wanataka kumbatiza, yeye anadai majina mbili, John na Peter. Wakamwambia achague moja. Jamaa akafikiria. Peter maana yake ni jiwe, na jiwe kwa kizungu ni "stone". Akawaambia sawa, niandikeni Johnstone. Akachukua zote mbili kwa bei ya moja! Hiyo akili ni ya mtaa kabisa, haijalishi alikaa upande gani. Na jina ikafanya kazi, kwa sababu mwaka wa 1922 ameandikwa na baraza ya Nairobi kusoma mita za maji. Baadaye akashika Kenyatta, kutoka kwa mkanda wa shanga aliokuwa anavaa, na 1938 kitabu yake ikatoka London ikiwa na jina mpya mbele: Jomo. Kila mlango jina yake. Na hiyo ni enzi ya kipande, chuma imening'inia shingoni, ndani kuna jina yako, kabila yako na kila mzungu umewahi fanyia kazi. "Na ile ingine?" ilianza kuulizwa hapo. Hao HR waliikuta tu.

Kuna wenye walienda njia ingine. Kitabu ya 1964, Weep Not, Child, ilitoka na jina James Ngugi kwa jalada. Baadaye James akawekwa kando, tukabaki na Ngũgĩ wa Thiong'o, na dunia nzima ikajifunza kuitamka. Lakini ile inanimaliza mimi ni ya Wangari. Ndoa imeisha, bwanake wa kitambo anadai jina yake irudishwe, asiitumie tena. Wangari hakurudisha. Akaongeza "a" moja. Mathai ikawa Maathai. Herufi moja! Na hiyo jina yenye herufi ya ziada ndio iliitwa 2004 ikipewa Nobel. Sijawahi ona mtu amejibu talaka na spelling, na nikikaa chini nafikiria swag, nafikiria hiyo.

Usiku hapa mtaa kila mtu ako na jina ingine. Si ushawahi ona hizo dirisha zinawaka hadi saa kumi? Hao ni wasee wa online writing. Msee wa floor ya tatu anaandikia mwanafunzi wa Uingereza essay ya falsafa, na kwa akaunti anaitwa kitu kaa Emily. Kwa hiyo akaunti amelipa doh ya kutosha kununua pikipiki. 2024 ikatoka filamu nzima juu yao, The Shadow Scholars, imefuata profesa wa Oxford mwenye alizaliwa huku Kenya, Patricia Kingori, akiwatafuta. Manzi wa call centre naye anavaa headset na jina pamoja: hello, Jessica hapa. Asubuhi anatoa zote mbili, anapitia Mutindwa kununua sukuma ya mbao, anaitwa Nafu na mama mboga, na ndio unaona mabega yake yakishuka.

Sasa beste, hapo kwa saiba, ananiambia anadai kumaliza hii kitu kabisa. Deed poll, ile karatasi ya kubadilisha jina kisheria. Nikamwambia vuta kiti, hiyo kitu niliwahi ifuata na mtu mwingine hadi mwisho, naijua.

Unaanza na loya, na loya hafungui mdomo kwa bei ya chapo madondo. Anakuandikia karatasi, unaapa, inapelekwa kusajiliwa kwa registry ya documents, huko Ardhi House. Halafu inafaa itangazwe kwa Gazeti la Serikali, lile linatoka Ijumaa. Hilo gazeti nimelishika na hii mikono. Karatasi nyepesi, herufi ni za kusomwa na jicho moja limefungwa. Juu kuna title ya shamba imepotea. Katikati, mali ya wasee wamededi. Na hapo chini sasa, majina. Kuna dem ametoka kwa ndoa anarudisha ya budake. Kuna msee odijo alimkosea spelling class one na ikamfuata miaka ishirini. Kila mtu ana kaboksi kake, na kila kaboksi inasema kwa lugha nzito ya sheria kwamba huyu ameachana na jina ya kitambo kabisa, na anaomba watu wote, siku zote, wamwite mpya. Nilisoma nikanyamaza. Ni kaa kusoma death na birth za mtu mmoja kwa page moja.

Sawa, umegazetiwa. Unafikiri umemaliza? ID kwanza. Kureplace ID ilikuwa soo, 2024 gava ikaamka vibaya ikafanya thao. Good conduct ya DCI, thao na finje. PIN ya KRA, NSSF, SHA, benki, laini ya simu, HELB, na HELB hao hata ukijiita Yesu watakupata. Halafu vyeti za shule. KNEC hawana haraka na wewe. 2014 Audrey Mbugua, mwanamke transgender, ilibidi wapatane kotini, High Court, ndio KNEC waambiwe wampatie certi ya KCSE na jina yake halisi, na alama ya jinsia itolewe. Alishinda, na nilifurahi, kwa sababu alikuwa anatembea na certi ya mtu mwenye hayuko. Lakini ona ilitaka nini. Judge!

Na ukimaliza hiyo yote, umesota hadi mfuko imepiga miayo, unaingia intaviu na jina fresh. HR anaangalia CV. Anaangalia certi. Anaangalia CV tena. Unajua anauliza nini? Ndio. Na saa hii lazima umweleze yote, utoe deed poll kwa bahasha, uitaje ile ya kitambo kwa sauti yako mwenyewe. Umelipa doh yote hiyo ndio uulizwe ile swali na ushahidi mezani.

Sikatazi mtu. Kaa jina yako ni kidonda, kaa aliyekupatia alikuumiza, kaa wewe si yule waliandika siku ya kwanza, enda, lipa kila shilingi kichwa juu, na mimi nitakuita hiyo mpya kuanzia Ijumaa hiyo hiyo. Lakini kubadilisha ndio msee wa HR atulie? Zii. Hiyo doh siwezi kubali itoke kwa mfuko yako.

Na usidhani ni Kenya tu. Huko Marekani wasomi wawili, Bertrand na Mullainathan, walitoa utafiti 2004. Walituma karibu CV elfu tano kwa kazi za Boston na Chicago. Vyeti ni sawa, majina ndio tofauti: Emily na Greg upande huu, Lakisha na Jamal upande ule. Majina za kizungu zikapigiwa simu asilimia 50 zaidi. Hakuna mtu aliona uso. Hakuna mtu aliskia sauti. So ukiskia mzae akisema enda majuu, huko wanaangalia kazi yako tu, mpatie chai aendelee.

Huku kwetu lakini jina imewahi kuwa zaidi ya mboka. Baada ya kura ya 2007, barabara zilifungwa na mawe na matairi, na watu wakaitishwa ID. Si ya age. Ya ile ingine. Tume ya Waki ilihesabu wafu 1,133. Mtaani tulikuwa watoi, na nakumbuka wazae wakitufundisha kujibu na jina ya kwanza tu, halafu nyamaza. Beste alikuwa hapo. Tulifundishwa pamoja, kwa ngazi za flat, na sauti ya chini. Ndio maana nilipoona akifuta herufi moja moja sikucheka. Nimewahi ona hiyo sura.

Sheria ziko. Employment Act ya 2007 inakataza kubagua mtu juu ya kabila, hata mwenye bado hajaandikwa. Ile ya cohesion ya 2008 inasema ofisi ya umma isiwe na kabila moja zaidi ya theluthi moja. Safi. Lakini hakuna sheria inaweza kuskia kakimya ka sekunde moja kwa simu. So nawaambia nyinyi wa HR, najua mnasoma hii mkijificha toilet: hizo CV ziko kwa Excel. Column A ni majina. Bonyeza kulia, ficha. Soma B hadi Z. Msee amefanya nini, amejenga nini, anajua nini. Ukishachagua, fungua A umpigie, na umwite majina zote tatu. Ni click mbili. Hata huitaji budget ya training.

Beste alikuwa amebakisha herufi tatu. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza Ctrl na Z, na Z, na Z, hadi jina ikarudi yote. Akaniangalia. Akachukua mouse, akaiweka font ishirini. Jamaa wa saiba akaitisha mbao ya page mbili.

Wiki mbili baadaye akaitwa Upper Hill. Nikamsindikiza, blazer ni ya Gikosh na imemkaa kaa alipimiwa. Kwa gate kuna watchie na kile kitabu kikubwa, kalamu imefungwa na kamba. Akamuuliza jina. Beste akasema ya kwanza. Watchie akaandika, akainua kichwa.

"Na ile ingine?"

Akaitaja. Sauti ya kawaida, kaa mtu anaitisha chai. Watchie akaanza kuiandika, ikatoka nje ya mstari, ikaingia boksi ya "Time In". Akatabasamu. "Wa usiku," akasema. "Hata mimi. Kwetu wanatuita Kemboi."

Wakagongeana ngumi juu ya kitabu, na gate ikafunguliwa.